Tunafundishwa kuanzisha dawa, kuzisitisha tunajifunzia wapi? (Uzi kwa watoa huduma na wanaouguza wazee)

#1 Kalamu_na_Kifutio

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda aruke kwenye majibu.

Kazi yangu kwa sasa ni kuendesha mafunzo kazini kwa madaktari, wafamasia na wauguzi kuhusu kupunguza dawa zisizo za lazima, hasa kwa wazee na kwa wenye magonjwa sugu matatu manne kwa pamoja. Naleta hoja moja muichambue: mafunzo mengi ya aina hii yanamaliza muda kwenye swali la dawa ipi ikatwe, kisha watu wanapewa vyeti na kupiga picha ya pamoja. Nini kifanyike wiki mbili baada ya kuikata, hakuna kipindi. Na mtoa huduma asiyejua wiki ya pili itakuwaje hatathubutu kukata chochote wiki ya kwanza, hata ukimkaririsha orodha nzima.

Si kwamba jambo lilisahaulika kabisa. Mwongozo wa WHO wa uandishi bora wa dawa, uliotoka 1994, una hatua 6, na ya sita ni kufuatilia tiba na, ikibidi, kuisitisha. Ila vyuoni tunakaa kwenye kuchagua na kuanza, hiyo ya sita inapitiwa huku watu wanafunga madaftari. Mwaka 2017 WHO hao hao walizindua kampeni ya dunia ya dawa bila madhara, na mrundikano wa dawa ukawekwa kuwa moja ya maeneo matatu ya kipaumbele.

Kwa kawaida dawa 5 au zaidi kwa pamoja ndizo huhesabiwa kuwa nyingi. Binafsi namba hiyo siipendi sana. Mtu mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi anaweza kuzihitaji zote tano, na mwingine ana tatu tu lakini mbili hakuna anayekumbuka ziliandikwa kwa nini.

Nikifundisha naanza na mnyororo. Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliuandika katikati ya miaka ya 1990: dawa inaleta dhara, dhara linadhaniwa ni ugonjwa mpya, ugonjwa mpya unaandikiwa dawa. Mgonjwa wa presha anapewa amlodipini. Miguu inavimba. Anaongezewa furosemaidi ya kukojoza maji. Asidi ya mkojo inapanda, kidole gumba cha mguu kinawaka kwa gauti. Anapewa diklofenaki ya maumivu. Diklofenaki inapandisha presha. Presha imepanda, basi dozi ya amlodipini inaongezwa, na miguu inavimba zaidi. Kila aliyeandika hapo alikuwa na sababu nzuri siku hiyo. Hakuna aliyerudi nyuma kuuliza miguu ilianza kuvimba lini.

Ukishauona mnyororo, orodha za dawa zisizowafaa wazee zinakuwa na maana. Kuna vigezo vya Beers, vilivyoanza 1991 kwa wazee wa nyumba za kutunzia huko Marekani, na kuna STOPP/START ya Ireland ya 2008, ambayo toleo lake la tatu lilitoka 2023. Zote nazitumia. Lakini orodha itakwambia diazepamu, dawa ya wasiwasi na usingizi, haimfai mzee wa miaka 78, basi. Kwamba ameinywa miaka na miaka na ukiikata ghafla anaweza kupata degedege, hilo utalibeba wewe.

Ian Scott na wenzake wa Australia walitoa utaratibu mzuri mwaka 2015 wa hatua 5: kusanya dawa zote na sababu ya kila moja, pima hatari ya mgonjwa kwa ujumla, kagua kila dawa kama inastahili kubaki, panga ipi itangulie, kisha tekeleza na ufuatilie. Nimeona washiriki wakizifanya nne za mwanzo vizuri sana kwenye karatasi. Ya tano wanaandika neno moja: "kufuatilia." Nani? Siku gani? Anaangalia nini? Kimya.

Karibuni.

#2 Sista_wa_Usiku

Umegusa penyewe mkuu. Sisi wauguzi ndio tunaokuwepo wiki hiyo ya pili. Daktari kakata dawa ya usingizi kwenye raundi ya asubuhi, kwenye faili kaandika "sitisha", nukta. Usiku bibi hatulii, anatetemeka, anaita watu waliokufa. Daktari wa zamu hamjui, anamwandikia haloperidoli, dawa ya kutuliza akili iliyochafuka. Kesho yake tuna dawa mpya na hakuna aliyekumbuka ile ya zamani ilikatwa lini.

Kwa hiyo mafunzo yakiwa ya madaktari peke yao, mtanisamehe, mnapoteza muda.

#3 Hoja_Baridi

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani na nitakuwa mkorofi kidogo. Hii habari ya kupunguza dawa inauzwa kwa shauku kuliko ushahidi. Ulaya walifanya majaribio makubwa mawili, SENATOR na OPERAM, matokeo yakatoka 2020 na 2021. Wazee wenye dawa nyingi waliolazwa walipitiwa dawa zao kwa mpangilio wa STOPP/START na programu ya kompyuta. SENATOR haikupunguza madhara ya dawa, OPERAM haikupunguza kwa kiasi cha kutegemewa watu kurudi wodini kwa sababu ya dawa. Sasa nikiacha wagonjwa wangu 40 wa kliniki nikakae saa nzima na mmoja kupitia vidonge vyake, nimwambie mkurugenzi nimepata nini?

#4 Kalamu_na_Kifutio

Dokta, nilikuwa nakusubiri wewe. Uliyosema ni kweli na huwa nayaweka kwenye slaidi ya mapema kabisa, kwa sababu mshiriki akiyasikia kwa mtu mwingine baadaye ataniona tapeli.

Ila tazama SENATOR kilitokea nini: kompyuta ilitoa mapendekezo, na sehemu kubwa yake madaktari hawakuyatekeleza. Kwangu hilo halionyeshi kwamba kukata dawa hakufai. Linaonyesha kwamba karatasi ya mapendekezo haimbadilishi daktari aliye na haraka ambaye hakushirikishwa. Ni suala la mafunzo na mpangilio wa kazi.

Tena majaribio mengine yaliuliza swali la kawaida zaidi: je, tukitoa dawa hii moja, kuna kitu kinaharibika? OPTIMISE ya Uingereza, 2020, ilichukua watu wa miaka 80 na kuendelea wenye dawa mbili au zaidi za presha, kundi moja likapunguziwa dawa moja. Baada ya wiki 12, waliobaki na namba ya juu ya presha chini ya 150 walikuwa asilimia 86.4 kwa waliopunguziwa na 87.7 kwa walioendelea kama kawaida. Tofauti ndogo mno. Marekani mwaka 2015 Jean Kutner na wenzake walichukua watu 381 waliokuwa wakinywa statini (dawa za kushusha kolesteroli) na wamebakiza muda mfupi wa kuishi kwa sababu ya maradhi mazito, karibu nusu yao wakasitishiwa. Vifo ndani ya siku 60 havikutofautiana kwa kiasi cha maana, na waliositishiwa waliripoti maisha bora kidogo.

Wala si kila dawa inayokatwa ilikuwa na faida kwanza. ASPREE, 2018, ilifuatilia zaidi ya watu 19,000, wengi wa miaka 70 na kuendelea, wasio na historia ya ugonjwa wa moyo au kiharusi. Aspirini ya kila siku haikupunguza kwa maana magonjwa ya moyo na mishipa, damu kuvuja ndiko kuliongezeka. Sasa nenda kwenye faili uone wangapi wanainywa "kulinda moyo" bila kuwahi kuwa na tatizo la moyo. (Aliyewahi kupata shambulio la moyo au kuwekewa stenti ni habari nyingine kabisa. Msije mkamkatia huyo mkasema mmesoma humu.)

Kwa mkurugenzi sina jibu tamu. Mwambie umepunguza vizunguzungu, na kwamba mgonjwa sasa anazijua dawa zake zote kwa majina.

#5 Binti_Mlezi

Samahanini mimi si mtu wa afya, namuuguza mama. Ana dawa kumi na mbili. Anahudhuria kliniki tatu, sukari, moyo, na mifupa. Kila nikiuliza kama zote ni lazima, wa moyo anasema hiyo ya mifupa siyo yangu siigusi, wa mifupa anasema muulize wa sukari. Mama amekuwa msahaulifu, kinywa kikavu muda wote, choo kigumu, na ameanguka bafuni mara mbili. Nikasema labda ni uzee. Nikisoma hapa naona kama inawezekana ni dawa. Nianzie wapi? Naogopa kuzikata mwenyewe.

#6 Mizani_ya_Mfamasia

Dada, kwanza asante kwa kutozikata mwenyewe, endelea hivyo hivyo. Hatuwezi kumpima mama kupitia uzi, lakini ulivyoeleza, usahaulifu, kinywa kikavu, choo kigumu, kuanguka, kwa pamoja vinamfanya mfamasia yeyote aulize kama kuna dawa zinazozuia asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeana ujumbe. Amitriptilini ni moja, klorofeniramini ya mafua ni nyingine, oksibutinini ya kibofu pia. Moja moja watu huvumilia. Zikijikusanya kwa mtu mzima, ubongo unachoka.

Fanya hivi. Chukua mfuko, weka KILA kitu anachokunywa: za kliniki zote tatu, za kununua famasi, za mitishamba, matone ya macho, zile za jirani. Usiandike orodha, leta mfuko wenyewe. Nenda nao kwa daktari mmoja unayemwamini au kwa mfamasia wa hospitali, omba dawa zipitiwe zote kwa pamoja. Na ueleze kuanguka kwanza kabla hujasema kingine chochote, maana kuanguka ndiko kunakofanya mtu aache kalamu na akusikilize.

Sasa kwa wakuu wa fani: "siyo yangu siigusi" ndiyo ugonjwa wenyewe. Mfamasia anaona dawa zote lakini haoni sababu, kwa kuwa cheti cha dawa kinaandika jina na dozi tu. Daktari anajua sababu ya zake, za wenzake hazijui. Kwenye mafunzo niliyopitia kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kukaa meza moja na daktari na nesi tukiwa na faili moja halisi, tugombane. Mihadhara nimesahau yote.

Na mfamasia akipewa nafasi anaweza. Kanada, jaribio la D-PRESCRIBE, 2018: wafamasia waliwapa wagonjwa wazee kijitabu cha kuwaeleza, na wakamwandikia daktari maoni yenye sababu. Baada ya miezi 6 asilimia 43 walikuwa wameacha dawa isiyofaa, kundi la kulinganisha asilimia 12. Daktari hakuhudhuria hata semina.

#7 Hoja_Baridi

Hilo la D-PRESCRIBE nakubali, ni zuri. Lakini kumbuka kipimo chao ni watu kuacha dawa, siyo watu kupona au kutoanguka.

#8 Mwaka_wa_Tano

Nafuatilia kwa makini, mimi bado mwanafunzi. Swali la kijinga: mgonjwa ana dawa 10, nne nimeona hazina kazi. Naanza na ipi? Na nakata zote nne siku moja au?

#9 Kalamu_na_Kifutio

Si la kijinga, ndilo linalowaangusha wakubwa.

Moja moja. Ukikata nne kwa mpigo na mgonjwa akazidiwa, hutajua ni ipi, na utazirudisha zote nne kwa woga. Isipokuwa dharura, mfano sukari inashuka hatari au damu inavuja, hapo unakata papo hapo.

Ipi kwanza? Ile yenye madhara makubwa na faida ndogo zaidi, na mara nyingi ile ambayo mgonjwa mwenyewe haipendi. Hii ya mwisho haipo kwenye vitabu vingi lakini inafanya kazi: ukimtoa kidonge anachokichukia, atakuamini kwenye kile anachokipenda. Na kabla ya yote tazama figo. Mzee mwembamba anaweza kuwa na kreatinini (kipimo cha damu cha figo) inayosomeka ya kawaida kwa sababu tu misuli ni michache, figo zenyewe zimeshachoka. Piga hesabu ya Cockcroft na Gault ya 1976, inayoingiza umri na uzito, ndipo utaona kwa nini glibenklamidi yake ya kisukari inamshusha sukari usiku.

Sasa namna ya kukata, na hapa ndipo naomba mtulie.

Zipo zinazoachwa bila kushuka ngazi. Statini, aspirini ya kinga kwa asiye na ugonjwa, vitamini zisizo na sababu. Unaacha, basi.

Zipo ambazo mwili umezizoea na ukizitoa ghafla unalipiza. Omeprazoli, ya kupunguza asidi ya tumbo, ni mfano mzuri kwa kuwa kila mtu anayo. Ukiitumia wiki kadhaa kisha ukaacha ghafla, tumbo linatoa asidi kwa wingi kuliko mwanzo kwa muda. Watafiti wa Denmark mwaka 2009 waliwapa watu wazima WASIO na tatizo lolote la tumbo esomeprazoli, ndugu wa omeprazoli, wiki 8, wakaiacha. Asilimia 44 walipata kiungulia au tumbo kuchafuka, dhidi ya asilimia 15 waliokuwa kwenye vidonge visivyo na dawa. Watu wazima wenye afya! Sasa mgonjwa wako akirudi siku ya 10 analalamika kiungulia, unamwambia "unaona, unaihitaji", na unamfunga kwenye dawa hiyo maisha yote. Punguza dozi kwa wiki mbili hadi nne, au mwachie ya kunywa siku anapohitaji tu, mpe kitu cha kutuliza asidi katikati, mwambie mapema kwamba kiungulia kinaweza kurudi kidogo kisha kikaisha. Usimguse aliyewahi kutokwa damu kwa kidonda cha tumbo, mwenye umio lililochubuka vibaya au lililobadilika la Barrett, wala anayelazimika kunywa dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki huku yuko kwenye hatari ya kutoka damu.

Diazepamu na ndugu zake: mwongozo wa Kanada unapendekeza kushusha karibu robo ya dozi kila wiki mbili, na ukikaribia mwisho unashusha nusu ya hapo, asilimia 12.5, pamoja na siku za kupumzika bila dawa. Mgonjwa akisumbuka simama kwenye ngazi uliyopo, usirudi juu kama si lazima. Mwenye kifafa, mwenye historia ya kuacha pombe kwa kutetemeka, mwenye wasiwasi mkali usiotibiwa, huyo anahitaji mtaalamu pembeni.

Atenololi, propranololi na wenzao (dawa za presha na moyo) kwa mwenye ugonjwa wa moyo: ukikata ghafla kifua kinaweza kubana au zaidi ya hapo. Klonidini ya presha: presha inaruka. Prednisoloni aliyoinywa kwa wiki nyingi: tezi za juu ya figo zimelala, ukikata ghafla anaweza kuzimia na kufa. Dawa za kifafa: degedege. Za sonona: kizunguzungu, hasira, hisia za shoti kichwani. Hizi zote ni kwa ngazi.

#10 Tabibu_Kijana

Hiyo #9 ilipaswa kubandikwa ukutani.

#11 Kijiti

Kwa hiyo siku hizi kunywa dawa ni ujinga? Mmeshaanza. Kesho mtu ataacha za presha apooze, aseme nilisoma kwenye uzi wa wataalamu.

#12 Sista_wa_Usiku

Kijiti, una hoja ingawa umeitupa kama jiwe. Hili lisemwe wazi: hapa hatuzungumzii mtu kuacha dawa nyumbani kwa kuwa amechoka. Wala dawa za kupunguza makali ya VVU, za kifua kikuu, insulini ya mwenye kisukari aina ya kwanza. Hizo hazimo. Na mgonjwa asiyekunywa dawa anayoihitaji ni tatizo kubwa vilevile. Ile START kwenye STOPP/START ipo kwa ajili hiyo, inakukumbusha dawa inayokosekana.

Narudi kwenye wiki ya pili kwa sababu ndiyo kazi yangu. Tulichokiweka wodini kwetu ni karatasi moja mbele ya faili, si ngumu. Dawa gani imepunguzwa, tarehe, ilikuwa inatibu nini, ikirudi tutaona dalili gani, nani anapiga simu au kumwona na siku gani, na kwa kipimo gani tunairudisha. Mstari huo wa mwisho ndio madaktari wanausahau na ndio unaotupa sisi amani. Ukiandika "presha ikizidi 160 vipimo viwili siku tofauti, rudisha dozi ya awali", nesi wa zamu hababaiki, haanzishi kitu kipya.

Kutofautisha dalili za kuacha dawa na ugonjwa kurudi: za kuacha huja mapema, siku chache mpaka wiki kutegemea dawa inakaa mwilini muda gani, zinapanda kisha zinapungua zenyewe. Mara nyingi kuna kitu kipya ambacho mgonjwa hakuwahi kuwa nacho kabla. Ugonjwa ukirudi huja polepole, unafanana na ule wa zamani, na hauondoki. Si sheria ya chuma, ila ukimfundisha nesi hilo tu, zile simu za saa nane usiku zinapungua.

#13 Hoja_Baridi

Sista, hiyo karatasi naiomba. Sitanii.

Ila nina jambo lingine ambalo hakuna anayeligusa: woga. Nikimwanzishia mgonjwa dawa akapata madhara, watu wanasema bahati mbaya. Nikimsitishia akapata kiharusi miezi mitatu baadaye, hata kama kingetokea tu, mimi ndiye niliyekata. Familia itaniuliza mimi. Mtaalamu aliyeianzisha ataniuliza mimi. Mafunzo yako yanamsaidiaje daktari mdogo wa mwaka wa kwanza hapo?

#14 Kalamu_na_Kifutio

Hapo ndipo penye uzito kuliko famakolojia yote, na sidhani kuna mhadhara unaotosha. Ninachofanya ni mambo mawili.

La kwanza, mazungumzo na mgonjwa, kwa kuigiza, mara nyingi mpaka wachoke. Mshiriki mmoja anakuwa mzee, mwingine mtoto wake mkali, wa tatu ndiye daktari. Unagundua haraka kwamba sentensi nyingi zetu ni mbaya. "Dawa hii haikusaidii tena" mgonjwa anasikia nimekatiwa tamaa, hasa akiwa na umri mkubwa. "Umri wako umekwenda" ndiyo mbaya kuliko zote. Tunajaribu hivi: "Mama, dawa hii ilifanya kazi yake ulipoanza. Sasa figo zimebadilika na naona inakuletea kizunguzungu. Nashauri tuipunguze kwa wiki nne tuone. Ukijisikia hivi na hivi, nipigie, tutairudisha." Ni jaribio lenye mlango wa kurudi, na mgonjwa yumo ndani ya uamuzi. Wala wagonjwa si wagumu tunavyodhani: utafiti wa Emily Reeve na wenzake Marekani, 2018, uliwakuta wazee asilimia 92 wako tayari kuacha angalau dawa moja daktari akisema inawezekana. Kwenye jaribio la EMPOWER huko Quebec, 2014, kijitabu tu walichopewa wagonjwa wenyewe kiliwafanya asilimia 27 waache dawa za usingizi ndani ya miezi 6, wasiopewa asilimia 5. Mara nyingi wanatusubiri sisi.

La pili, kuandika. Sababu ya kuanza, sababu ya kupunguza, kilichozungumzwa, nani alikuwepo, mpango wa kurudisha. Na barua fupi au simu kwa aliyeianzisha: "Nafikiria kupunguza hii kwa sababu hizi, una sababu ambayo siioni?" Mara nyingine anayo, na amekuokoa. Mara nyingi zaidi anajibu "nilidhani mmeshaikata zamani."

Nakiri hili la pili halimlindi kila mtu. Sehemu ambayo mkuu wa idara hapendi kuulizwa, daktari mdogo hatauliza. Ndiyo maana siku hizi nakataa kufundisha wadogo bila mkuu wao chumbani. Akija dakika kumi na kusema mbele yao "mkipunguza kwa utaratibu huu niko nyuma yenu", ananifanyia kazi kuliko slaidi zangu zote.

#15 Mizani_ya_Mfamasia

Hapo kwenye mkuu chumbani naunga mkono kwa mikono miwili. Ongeza na hili: mafunzo ya siku mbili halafu kwaheri hayana maana. Kila mshiriki aondoke na wagonjwa wake wawili watatu halisi, na mkutane tena baada ya wiki sita aeleze nini kilitokea. Aliyerudisha dawa naye aeleze, bila aibu. Kurudisha dawa baada ya kujaribu vizuri kunapaswa kupata maksi sawa na kuiondoa, vinginevyo mtazalisha watu wanaohesabu vidonge walivyokata kama magoli.

#16 Binti_Mlezi

Nimerudi. Nilipeleka mfuko. Daktari wa moyo alishtuka, alikuwa hajui kuhusu dawa ya usiku ya maumivu ya mishipa wala za mafua ambazo mama hununua mwenyewe. Hajakata nyingi. Kasema za mafua ziishe leo, ile ya usiku ishuke nusu, tuonane baada ya wiki tatu, na kaniandikia namba ya simu ya kliniki. Mama kakasirika kidogo, anasema wananipunguzia dawa kwa vile mimi mzee. Ndiyo nikakumbuka #14.

Swali: ile nusu anagawa kidonge kwa kisu. Ni sawa?

#17 Mizani_ya_Mfamasia

Hongera dada, na hongera kwa daktari huyo.

Kuhusu kisu: inategemea kidonge. Kikiwa cha kawaida chenye mstari katikati kinagawika, ingawa kifaa cha kukatia ni bora kuliko kisu kwa mkono wa mtu mzima. Kikiwa cha kutoa dawa taratibu mwilini, au cha ganda maalumu la kupita tumboni, USIKIGAWE, dawa inaweza kutoka yote kwa mara moja. Vidonge vya rangi ya kung'aa visivyo na mstari vinanitia shaka siku zote. Rudi famasi ulikochukua na boksi lenyewe, waulize kama ipo ya nguvu ndogo, mara nyingi ipo, na kugawa kunakuwa hakuna haja.

#18 Sista_wa_Usiku

Na wiki hizo tatu andika kila siku mistari miwili: amelalaje, na kama ametembea bila kuyumba. Siku ya kliniki daktari atataka hiyo kuliko kumbukumbu yako. Akiwa na mkanganyiko mpya, akishindwa kukojoa, au akianguka, usisubiri wiki tatu, piga ile namba.

#19 Kalamu_na_Kifutio

Karatasi ya Sista nimeiomba kwake kwa ujumbe wa faragha, karibu kila mtu ananiuliza. Akiniruhusu nitaibandika hapa pamoja na sehemu moja ambayo Hoja_Baridi kaipendekeza: mstari wa sahihi ya aliyeianzisha dawa. Tunabishana bado kama mstari huo utaharakisha mambo au utayakwamisha. Mimi naona utayakwamisha, yeye anaona kinyume. Mwenye uzoefu wa fomu kama hiyo aje aseme.